Nilivyoenda Oxford na bangili ya bibi

Jumamosi nilipanda treni asubuhi kutoka Reading kwenda Oxford, nusu saa hata haifiki, mkobani nina bangili ya fedha ya marehemu bibi nimeifunga kwenye leso. Mtoto wa ami yangu anafanya kazi kwenye koleji moja ya zamani kule, yeye ni mmoja wa wanaotunza vyombo vya fedha vya mezani, na miezi yote nilikuwa namwambia kaka nionyeshe na mimi basi, safari hii akaniombea ruhusa.

Zamu yake ilikuwa bado kwa hiyo akanipitisha kwanza makumbusho ya Ashmolean, kiingilio bure, tukaenda moja kwa moja kwenye sarafu moja ya 1644. Upana wake hauzidi kikombe cha kahawa cha kwetu Unguja, lakini wallahi nilisimama pale mpaka watu wakawa wananizunguka. Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza kapanda farasi, na chini ya tumbo la farasi wamechonga mji mzima wa Oxford, ukuta na minara yake, midogo kama ncha za sindano.

Sasa fedha ya sarafu kama hizo ilitoka wapi, hapo ndo pananiuma. Mfalme alikuwa vitani na Bunge lake, mwishoni mwa 1642 akahamia Oxford, akafikia koleji ya Christ Church, jeshi linataka mshahara. Januari 1643 akaziandikia koleji kuomba vyombo vyao vya fedha kwa mkopo, kila aunsi atalipa shilingi 5, iliyopakwa dhahabu shilingi 5 na peni 6. Wakatoa vikombe, masinia, majagi waliyoachiwa na watu waliokufa zamani, vikapelekwa New Inn Hall, jumba la hapo hapo Oxford, vikayeyushwa vikapigwa sarafu, na deni halikulipwa mpaka leo. Sisi tunasema fedha kwa maana zote mbili, chombo na pesa, na pale chombo kiligeuka pesa kweli kweli.

Vichache vilipona. Koleji ya Corpus Christi ilibaki na vyombo vyake vya zamani, na koleji ya Queen's, iliyoanzishwa 1341 na kasisi wa Malkia Philippa, mke wa Mfalme Edward wa Tatu, bado wanayo pembe kubwa ya kunywea yenye mapambo ya fedha iliyopakwa dhahabu, inayosemekana ni zawadi ya malkia mwenyewe. Tulipita nje ya lango tu.

Kule kazini kwa kaka ni chumba kidogo hakina madirisha, kabati mpaka juu. Akanipa glavu kwanza. "Usishike kwa mkono mtupu dada'angu, jasho la kidole linaingia kwenye fedha na alama haitoki." Sinki haligusi chombo, anaweka beseni la plastiki, ndani taulo, maji vuguvugu na tone la sabuni, anaosha kimoja kimoja anakausha hapo hapo kwa pamba laini. Vya kuwekea chumvi vinamwagwa usiku ule ule wa karamu maana chumvi inatoboa fedha. Raba na sufu hazikai kabatini, zina salfa, na salfa ndo inayoleta weusi. Na kusugua ni mara chache sana, manake kila ukisugua unaondoka na fedha yenyewe kidogo. Akanigeuzia kikombe kimoja nione mhuri wa simba anayetembea, yule anayethibitisha ni fedha halisi, 925 kwa 1000, simba hana uso, wamesugua watu miaka na miaka kwa mapenzi mpaka kaisha.

Hapo nikatoa leso. Mimi bangili ya bibi nimeisugua kwa dawa ya meno kila Idi tangu aliponiachia, nikijua namtunzia. Kaka akaiweka chini ya taa akaizungusha polepole, hakusema kitu muda mrefu. Kisha akaiosha kwenye beseni lile lile na kitambaa kile kile cha vikombe vyao. "Isisuguliwe tena. Na huu weusi uliobaki kwenye mashimo ya maua uache, ndo unaoyafanya yaonekane."

Kwenye treni jioni niliivaa nikawa nayahesabu kwa macho, maua 11, matatu ya upande wa ndani yamebaki kivuli tu.