Okidi yangu huchanua tena kusi likivuma

Phalaenopsis, ile okidi ya majani mapana inayouzwa ikiwa imeshachanua, huishi vizuri Mombasa ila hugoma kutoa maua mara ya pili. Dawa si mbolea. Joto likipita nyuzi 28 siku nzima, hutoa majani tu. Huku kwetu ahueni huja Juni hadi Septemba, kusi likivuma na usiku ukishuka hadi nyuzi 20 au 21. Basi mwanzoni mwa Juni zangu huzitoa ndani, nikaziweka roshani inayopata upepo, chini ya neti ya kivuli, zikalala nje kila usiku.

Kikonyo cha maua huchomoza ubavuni, chini ya jani. Wengi hudhani ni mzizi. Ncha ya mzizi ni ya mviringo na inang'aa. Ya kikonyo imebapa, na ina kijipembe upande mmoja. Ukikiona, chungu usikigeuze tena, kwa sababu kikonyo hufuata mwanga. Maua hufunguka baada ya miezi 2 au 3.

Yakishapukutika, kikonyo kikiwa bado kibichi nakikata juu ya kifundo cha pili au cha tatu kutoka chini. Kikikauka nakiondoa chote. Hapo ndipo ninapobadilisha chungu, maana okidi nyingi za dukani huja na kuvumwani, kimea laini kinachoshika maji kama sifongo, kilichoshindiliwa katikati ya mizizi, na kwa unyevu wa pwani hakikauki. Natumia vipande vya makumbi ya nazi, ukubwa wa kidole gumba, nusu kwa nusu na makaa. Makumbi yana chumvi: yaloweke siku 3, ukimwaga maji kila siku. Maji ya visima vingi vya kisiwani nayo yana chumvi, huunguza ncha za mizizi zikawa nyeusi. Afadhali ukinge maji ya mvua. Mwagilia asubuhi, mizizi ikiwa ya rangi ya fedha. Ikiwa ya kijani, ngoja. Mbolea ya 20-20-20 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa), robo kijiko cha chai kwa lita 2 za maji, mara moja kwa wiki inatosha.

Nilizozipoteza, na zilikuwa za kupendwa kweli, nyingi ziliondoka wakati wa masika. Maji hutuama kwenye moyo wa mmea, jani changa linalegea, ukilivuta kidogo linatoka lenyewe, shina lake jeusi na linanuka. Kila baada ya mvua nakausha moyo kwa karatasi ya shashi. Uozo ukianza, nakata kwa wembe uliopitishwa motoni hadi kwenye nyama safi, kisha napaka unga wa mdalasini penye kidonda tu, usiguse mizizi kwa kuwa huikausha. Hata moyo ukifa, usiutupe mmea upesi: mizizi ikiwa mizima, huweza kutoa chipukizi ubavuni.

Asiyetaka kungojea kusi apande okidi za aina ya Dendrobium za nchi za joto. Vijiti vyake vilivyopukutisha majani asivikate. Vimehifadhi maji na chakula, na vingine hutoa maua tena.