Canter ya Kuhamia Kigamboni

Julai 2018 mimi na mama tulihama Tabata kwenda Kigamboni, kwenye nyumba ambayo marehemu baba aliiacha nusu. Vyumba viwili vilikuwa na bati na milango, na mama akasema panatosha. Hatalipa tena kodi ya miezi sita kwa mkupuo wakati ana kwake. Masika yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo mvua haikututia hofu. Hofu yangu ilikuwa gari.

Aliyewahi kuhama Dar anajua. Bei ya kwenye simu siyo bei ya mlangoni. Jirani yetu alihamia Mbezi, vyombo vikafika salama, halafu dereva akagoma kufungua bodi mpaka aongezewe elfu arobaini, eti njia ilikuwa mbaya. Kitanda chako kiko juu ya gari la mtu, giza linaingia, watoto wana njaa, utabishana mpaka saa ngapi? Unatoa tu. Watu husimulia mambo haya wakicheka, lakini mimi naona ni ukatili kumbana mtu siku ambayo kila alicho nacho kiko nje na kila apitaye anakiona.

Sisi tulitafutiwa gari na dalali. Tulikubaliana Canter ya tani tatu, tukamtumia kishika nafasi kwa simu. Asubuhi, magodoro yamekunjwa na vyombo viko kwenye viroba, ikaja kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Kwa mtu wa chumba kimoja kirikuu inamfaa kabisa, lakini sisi tulikuwa na kabati la vyombo, seti ya makochi, vitanda vya mninga, friji na cherehani ya mama. Kijana aliyeiendesha hakuonyesha wasiwasi. "Dada, tutapiga tripu. Kila tripu bei ile ile." Nikampigia dalali. Simu iliita, ikakatwa, nilipopiga tena ikawa haipatikani. Mama, ambaye muda wote alikaa kimya juu ya kiroba cha nguo, akanyanyuka. "Mwanangu, nenda salama. Hatupakii." Kishika nafasi hakijarudi mpaka leo.

Nikaenda haraka kijiweni, barabarani, ambako magari ya mizigo hupaki chini ya mwarobaini. Madereva waliniita kila upande wakitaja bei. Mzee mmoja alikuwa anafuta kioo cha Canter yake. Yeye hakutaja bei, aliuliza. Mnatoka chini au ghorofani? Friji ni la mlango mmoja au miwili? Kabati lina vioo? Kule mnakokwenda gari linafika mlangoni? Nikamwambia kipande cha mwisho ni mchanga mtupu. Akafikiri kidogo, akasema laki moja na sabini, yeye na utingo wake wanapakia na kupakua, tozo ya daraja juu yetu. Nikaomba anipunguzie, akashusha elfu kumi. "Na nikisema mpaka ndani, binti, ni mpaka ndani."

Nilimwamini kwa sababu ya yale maswali. Mtu aliyeuliza habari za mchanga asubuhi hawezi kuushangaa jioni.

Friji lilipanda kwanza, likasimamishwa wima nyuma ya kabini na kupigwa kamba. Kabati alilitoa droo zote na shelfu za vioo, kisha akaliegemeza kwenye godoro ili lisigusane na chuma cha bodi. Utingo alitaka kuilaza cherehani ubavu ili nafasi ipatikane. Mama akapiga kelele, na mzee naye akapiga kelele pamoja naye. Ilikuwa cherehani ya miguu, ile ya zamani, na kichwa chake kinashikiliwa na bawaba mbili tu nyuma. Ukiilaza, kichwa kinachomoka na chuma kile kikianguka kinapasuka. Mzee akatoa mkanda kwenye gurudumu, akalegeza skrubu za bawaba kwa bisibisi, akakinyanyua kichwa kwa mikono miwili na kumpa mama. Mama akakifunga kwa kitenge, akasafiri nacho mapajani. Cherehani ile ndiyo iliyonisomesha.

Mimi nilikuwa tayari kupanda juu ya makochi ili nishikilie vitu, kama nilivyoona wengine wakifanya. Mzee akakataa. Trafiki watatukamata, akasema, na hata wasipotukamata, kochi likiteleza unakwenda nalo. Tukabanana kabini.

Barabara ya Mandela ilijaa malori ya makontena yanayokwenda bandarini, tukatambaa kutoka Buguruni mpaka Tazara na kuendelea hivyo hivyo hadi Kurasini. Darajani tulilipa tozo, tukapanda juu ya maji. Mama aligeuka dirishani. Baba alipoanza msingi daraja hili halikuwepo. Lilifunguliwa Aprili 2016, yeye akiwa ameshatangulia. Mifuko ya saruji aliivusha kwa pantoni pale Magogoni, na lori la mchanga lilipokuwa haliko tayari kukaa foleni, lilizunguka Mbagala na Kongowe na gharama ikapanda kwa huo mzunguko. Nusu ya nyumba tuliyokuwa tunaiendea ililiwa na usafiri. Sasa tulivuka mita 680 kabla mama hajamaliza kunieleza hayo.

Tulipofika kwenye mchanga mzee alisimamisha gari pagumu, akashuka, akaitembea njia yote kwa miguu huku akibonyeza ardhi kwa kisigino. Akarudi akasema gari litazama, tunabeba. Mfukoni nilikuwa nimeficha elfu hamsini kwa ajili ya saa hii hasa, nikaanza kuisubiri ile sentensi. Haikuja. Yeye na utingo walibeba, vijana wa jirani wakasaidia, na mzee ndiye aliyewapa hela ya soda. Makochi yalipita mlangoni kwa shida, tena baada ya kung'olewa miguu.

Friji akakataza lisiwashwe mpaka kesho. Kule mchangani limebebwa limeinama, mafuta ya kompresa yamehama, yaachiwe muda yarudi. Kisha akairudishia cherehani kichwa na mkanda, akamwita mama. Mama akakanyaga, gurudumu likazunguka, akapitisha sindano kwenye kipande cha kitambaa na kukikagua upande wa nyuma. Mshono ulikuwa sawa.

Nikamlipa laki moja na sitini. Zile elfu hamsini kesho yake tulimwita fundi, akatuwekea nyavu za madirisha.