Siku Niliyokwenda Kuposa Bursa

Mwaka wangu wa kwanza Uturuki haukuwa wa chuo, ulikuwa wa lugha. Ndivyo ilivyo kwa wageni wengi wanaosomeshwa na serikali ya kule: kwanza unafundishwa Kituruki mpaka ukimudu, ndipo unaingia kwenye fani yako. Siku nyingi tulishinda tukipambana na viambishi, ila mara moja kwa wiki kulikuwa na somo la utamaduni. Tukafundishwa ebru, ile sanaa ya kunyunyiza rangi juu ya maji mazito na kulaza karatasi ili inase michoro. Tukapelekwa kumwona Karagöz, kikaragosi cha ngozi kinachochezeshwa nyuma ya shuka lenye taa. Watu wa Bursa, mji tuliokuwa tukisoma, wanaapa kuwa alikuwa mwenzao, kibarua aliyewachekesha wenzake hadi ujenzi wa msikiti wa Sultan Orhan ukazorota, naye akalipia kwa kichwa chake. Vyote vizuri. Lakini vilikuwa vya kutazama na kupiga picha, basi.

Kisha mwalimu wetu, mama mmoja mchangamfu tuliyemwita hocam kama Waturuki wote wanavyomwita mwalimu, akatangaza kwamba wiki ijayo tutacheza posa.

Akagawa nafasi. Bi harusi akawa binti wa Kirgizi, ambaye lugha yake ni ndugu ya Kituruki na alikuwa ametuacha mbali sote. Bwana harusi, kijana wa Kiindonesia, mpole, mwembamba, anayecheka kwa kujifunika mdomo. Mama wa bwana harusi alitoka Bosnia. Baba yake nikawa mimi, nadhani kwa sababu ya ndevu. Hatukuwa na baba wa binti, hocam akasema atamwomba mzee wa chai.

Karibu kila ofisi na skuli ya Uturuki ina mtu wa chai. Wetu alikuwa na chumba kidogo chini ya ngazi, na kutwa nzima alipanda na kushuka na sinia la vile vibilauri vyenye kiuno chembamba. Tulimwita amca, yaani ami. Siku ya posa alikuja amevaa suti na tai, ndevu amenyoa safi. Nilipomwona hivyo nikasema moyoni, huyu hakuja kucheza.

Mimi ni mtu wa Tanga, na posa naijua tangu utotoni, maana marehemu babu yangu mzaa mama alikuwa mshenga wa mtaa mzima. Kwetu kijana anayeoa haonekani siku hiyo. Anabaki nyumbani tumbo moto, wazee wanakwenda na barua, na binti naye yuko ndani, anasikiliza nyuma ya pazia. Kule Bursa mambo ni kinyume. Kijana anakwenda mwenyewe, amebeba shada la maua na boksi la peremende (sisi tulinunua zile chestnut, aina ya kokwa, zilizopikwa kwa sukari ambazo ni fahari ya mji), na anakaa pale pale mbele ya baba mkwe mtarajiwa, magoti yamebana. Na binti ndiye anayehudumia. Nikawaza babu angeonaje.

Tulivua viatu mlangoni mwa darasa tukapewa ndapa. Mwenzetu mmoja akapita akitumiminia kolonya viganjani, yale marashi ya limau yenye spiriti ambayo mgeni hamiminiwi maji kabla hajamiminiwa hayo. Vijana wakambusu amca mkono na kuuweka kwenye paji la uso. Tukakaa. Hapo halizungumzwi neno la posa. Unaulizwa safari, unaulizwa afya, unasifu hali ya hewa, ingawa mlima Uludağ ulikuwa umefunikwa na theluji na mimi nilikuwa nimevaa soksi mbili mbili.

Ikaja kahawa. Hocam alikuwa ametueleza kabla: binti anawauliza wageni kila mmoja anataka sukari kiasi gani, anapika kwenye kibirika kidogo chenye mkono mrefu, na kikombe cha mchumba peke yake anakitia chumvi badala ya sukari. Kijana anatakiwa akinywe bila kukunja uso. Wengine husema ni kumpima subira, wengine ni utani tu uliogeuka desturi. Binti wa Kirgizi alitia chumvi kwa ukarimu. Tangu utoto mimi ni wa kahawa chungu ya dele na kashata, lakini ile harufu ilinitosha. Mwindonesia akashika kikombe kwa mikono miwili, akanywa, macho yakajaa maji, akasema kwa sauti ndogo, “Mikono yako isalimike,” kama wanavyomwambia mpishi. Darasa likapiga makofi.

Ikafika zamu yangu. Mzazi wa kijana hukohoa kidogo, kisha hutoa maneno ambayo karibu kila Mturuki anayajua kwa moyo. Niliyakariri kutwa kucha: kwa amri ya Mwenyezi Mungu na kauli ya Mtume, tunamwomba binti yenu kwa ajili ya mwana wetu. Jibu la amca lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi. Alitakiwa kusema kwamba vijana wakishaelewana, wazee hawana la kuongeza, Mungu ajaalie heri.

Amca hakuitazama karatasi. Akaweka kikombe chini.

“Kijana anafanya kazi gani?”

Nikasema ni mwanafunzi.

“Jeshi amemaliza?”

Swali hilo lilikuwa la haki kabisa. Uturuki jeshi ni lazima kwa wanaume, na baba wengi hawatoi binti kwa mtu ambaye bado hajalitumikia. Nikasema kwao Indonesia halilazimishwi. Amca akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa habari mbaya.

“Amalize shule kwanza,” akasema. “Binti yangu bado mdogo.”

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Hocam akainama akamnong’oneza kwamba huu ni mchezo wa darasani. “Najua, hocam,” amca akajibu. “Lakini wamekuja kuniomba binti.”

Hapo Kituruki changu cha miezi michache kilikuwa kinayeyuka, ila ukoo wa babu ukanisimamia. Mshenga aliyekataliwa habishani, wala hanuni, wala hataji mali ya kijana, maana huko ni kumfanya baba muuza mtu. Nikasema polepole, kila neno nalitafuta: “Umesema kweli, bwana. Baba lazima ahofu. Sisi hatuna haraka. Tumekunywa kahawa yenu, tutarudi.” Nikafanya kama nataka kuinuka.

Amca akanitazama. Waturuki wana usemi kwamba kikombe kimoja cha kahawa kina heshima ya miaka arobaini, na sijui kama ndio uliompitia akilini. “Kaa,” akaniambia. Akamgeukia yule binti wa Kirgizi, akamwuliza yeye mwenyewe, si sisi, kama anataka. Binti akaona haya kwelikweli, akatazama chini. Amca akatangaza kwamba Mungu akiandika, nani atafuta.

Tukavishwa furaha. Wachumba wakavalishwa pete mbili zilizofungwa kwenye utepe mmoja mwekundu, na mkubwa wa umri akaukata katikati. Hocam akaendelea na sehemu ya pili, ndoa ya manispaa, ambayo niliiona haina ladha: meza, shahidi, saini, na mtu wa serikali aliyevaa joho. Mwaka 1926 Bunge la Ankara lilipitisha Sheria ya Kiraia iliyochukuliwa kwa sehemu kubwa kutoka Uswisi, na tangu hapo mke wa pili ni marufuku na nikaha ya imamu peke yake haihesabiki serikalini. Msomali mmoja akataka kujadili hilo, mimi nikaeleza kuwa kwetu sheria ya mwaka 1971 inakubali ndoa ya kidini, ya kimila na ya kiserikali, na mjadala ukapamba moto hadi hocam akatazama saa. Kilichowafurahisha watu ni kwamba mara baada ya kusaini, anayewahi kumkanyaga mwenzake mguu ndiye atakayetawala nyumba. Mkirgizi aliwahi. Uswisi sidhani kama wana hilo.

Watu walipotawanyika nikabaki kumsaidia amca kukusanya vikombe. Ndipo akaniambia kwamba Jumapili ile watu walikuwa wanakuja kwake kumwomba binti yake, binti wa kweli, mkubwa. Alikuwa hajalala siku kadhaa. Akaniuliza kwetu wanafanyaje. Nikamwambia kuhusu kilemba cha baba na mkaja wa mama, fungu linalotolewa kuwaheshimu wazazi kando ya mahari. Mkaja ulimpita, lakini kilemba kilimwingia sana. Akanitaka nirudie, akacheka, akasema kama angezaliwa Tanga angekuwa tajiri maana ana mabinti watatu.

Jumatatu nikateremka ngazi mapema kuliko kawaida.

“Vipi, amca? Wamekuja?”

“Wamekuja. Watu wazuri. Nimewaambia wasubiri kijana amalize jeshi.”

“Nao wakasemaje?”

“Wamesema hawana haraka, watarudi.” Akanisukumia kibilauri na vidonge viwili vya sukari. “Mama wa binti hajanisemesha tangu jana.”