Nanyi ndugu zangu

Jumapili, usiku.

Kwa miaka minne nimekaa benchi moja kanisani na bibi mmoja, yeye ukutani, mimi pembeni mwake, na jina lake sikulijua. Nilichokijua ni mkono wake. Ulikuwa wa baridi siku zote, na pete ya ndoa, iliyokwisha kumlegea kidoleni, iligeuka kila nilipoushika wakati wa kutakiana amani. Yeye hakuwa mtu wa kugusa mkono haraka na kugeukia mwingine. Alisubiri mpaka nimtazame, ndipo aseme, "Amani ya Kristo, mwanangu."

Jumapili moja hakuja. Niliona. Ya pili hakuja, nikajisemea labda amesafiri kwa wanawe. Ya tatu familia yenye watoto wadogo ilijaza nafasi yake. Nikasogea, tukaendelea na Misa.

Wiki ya saba ndipo mama mmoja aliyeketi nyuma yetu aliponiuliza kama nimekwenda kumwona. Alianguka nyumbani akavunjika nyonga. Akanitajia jina lake, na mwili ukanifa ganzi, kwa sababu jina hilo nililisikia wiki tano mfululizo likisomwa katika maombi ya waamini, pamoja na wagonjwa wengine, nami kila mara nikaitikia kwa sauti, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Nilikuwa namwombea mtu niliyemshika mkono kwa miaka minne bila kujua kuwa ndiye.

Nimelifikiria jambo hili tangu siku ile, na nataka kuliandika kabla halijapoa.

Kila usiku kabla ya kulala nina desturi ya kutafiti dhamiri, ile ambayo Mtakatifu Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, aliwasisitizia sana wenzake. Naipitia siku: nilimjibu nani kwa hasira, nilisema uongo wapi, nilimsengenya nani. Na zile wiki saba, nikikumbuka vizuri, baadhi ya Jumapili nililala nimeridhika kabisa. Sikuwa nimemkosea mtu. Siku ilikuwa safi, nikamshukuru Mungu kwa usafi huo. Sasa naona ilikuwa safi kama chumba kisichokaliwa na mtu.

Katika sala ya kuungama mwanzoni mwa Misa tunasema tumekosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa matendo, "na kwa kutotimiza wajibu." Hayo ya mwisho hayakuwamo katika sala hiyo kwenye Misale ya Kirumi iliyotangulia, yaani kitabu cha sala za Misa; waamini waliungama mawazo, maneno na matendo, basi. Kutotimiza wajibu kuliongezwa katika marekebisho ya liturujia yaliyofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, katika Misale ya mwaka 1970. Nawashukuru walioyaweka. Bila hayo ningeweza kuisali sala ile maisha yangu yote na nyonga ya yule bibi isinihusu.

Na si kwamba lilikuwa jambo jipya. Ukiisoma sura ya 25 ya Mathayo taratibu, wale wa mkono wa kushoto hawashtakiwi kwa wizi wala kwa kuua. Wanaulizwa juu ya mgonjwa ambaye hawakwenda kumtazama. Nao wanashangaa kwa dhati, wanauliza ni lini walimwona. Mshangao huo naujua sasa. Hawadanganyi, kweli hawakuona.

Mtakatifu Justino, aliyeifia imani huko Roma, aliandika yapata mwaka 155 kumweleza kaisari jinsi Wakristo wanavyokutana Jumapili. Anaeleza masomo, mahubiri, sala, mkate na divai. Halafu anasema mashemasi huwapelekea wale ambao hawakuwepo. Anaongeza kwamba michango inayokusanywa ni ya kuwasaidia yatima, wajane, wagonjwa na waliofungwa. Kinachonigusa hapo ni kwamba ili kumpelekea asiyekuwepo lazima kwanza mtu agundue kwamba hayupo. Wale walikuwa wanahesabiana, nafikiri, kama mama anavyohesabu watoto wake gizani kabla ya kufunga mlango.

Leo nimekwenda, nikifuatana na mhudumu wa Komunyo. Amevaa shingoni kifuko cha kitambaa chenye kile kichombo cha duara cha Hostia, mkate uliokwisha kugeuzwa Mwili wa Kristo, na njia nzima hatukuzungumza. Si kwa kukatazana. Ukijua unatembea na nani, maneno yanapungua yenyewe.

Bibi alikuwa amelazwa ubavu mmoja, mito miwili mgongoni. Pembeni yake meza ndogo, kitambaa cheupe, mshumaa, msalaba. Rozari yake ilikuwa na sehemu iliyokatika, ikaungwa kwa uzi mweusi wa kushonea. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, akanitazama muda kidogo, kisha akasema, "Wewe wa benchi."

Tulianza na sala ya kuungama. Nimeisali sala ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, nikiielekeza altareni, na maneno "nanyi ndugu zangu" yakinipita kama salamu ya jumla kwa kundi. Leo ndugu walikuwa wawili tu, na mmoja wao nilikuwa nimemkosea, naye amelala umbali wa mkono mmoja kutoka nilipopiga magoti. Nikasema nimekosa mno. Sauti ikanikatika kwenye kutotimiza wajibu. Mhudumu akaendelea peke yake mpaka nilipoweza kurudi. Bibi alikuwa anajigonga kifua kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia alikuwa ameulalia.

Baada ya Komunyo alifumba macho kitambo kirefu, nasi tukanyamaza naye. Alipoyafumbua nilimwomba msamaha kwa maneno ya kawaida, kwamba nilimkosa wiki saba na sikuuliza. Hakunijibu kuhusu hilo. Aliniuliza siku hizi nani anakaa ukutani.

Nikamwambia ni familia yenye watoto watatu.

"Majina yao?"

Sikuyajua. Akaunyoosha ule mkono wa kushoto, nikaushika. Bado wa baridi, ila pete ameivua, iko mezani karibu na mshumaa. Akasema nikirudi Jumapili ijayo nimletee uzi, mweusi huu umeanza kulika, na nimletee hayo majina matatu ayatie kwenye rozari yake.