Chai Sikuiacha: Nilivyopanga Upya Kikombe Changu

Nikimwambia mtu kwamba chai ilikuwa inanisumbua, jibu huwa moja: si uache? Mimi ni fundi cherehani hapa Bombo, Uganda, nimelelewa katika nyumba ya Wanubi, watu wenye asili ya Sudan, ambako birika halikauki, na sikuona kwa nini niache kitu ninachokipenda kabla sijakielewa. Chai sikuiacha. Nilijua ninywe ipi, kiasi gani na mwisho saa ngapi, na sasa nalala. Naandika kwa ajili ya yeyote anayepata dalili kama zangu akawa anaambiwa ni presha, ni mawazo mengi, au amerogwa.

Kwangu mimi dalili zilianzia vidoleni. Kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani ni kitu mkono wangu unakijua wenyewe: nalowesha ncha, naibana kwa kucha, nasukuma, imepita. Ikafika wakati ncha inacheza mbele ya tundu, inagonga chuma upande huu, inagonga upande ule, mpaka namwita binti ninayemfundisha kazi anitungie. Kwenye gomesi, lile gauni refu la wanawake wa Uganda, ndiko kulikoniumbua hasa. Yale mabega yake yaliyochongoka yanataka mshono ulionyooka, na kitambaa kikiwa laini kinachoteleza, mkono ukitikisika kidogo tu mshono unasema. Mteja anaweza asione, lakini fundi anaona.

Halafu usiku. Nalala saa nne bila shida, saa saba macho hayo, moyo unakwenda mbio nausikia mpaka kwenye mto. Kuanzia hapo ni mang'amung'amu hadi adhana ya alfajiri. Asubuhi naamka nimechoka, na dawa ya uchovu kwetu inajulikana: chai nzito ya maziwa na tangawizi. Ikinipa nguvu mpaka adhuhuri, nikilegea naongeza nyingine. Kiungulia nacho kikaingia.

Sista wa kituo cha afya alinipima presha, ikawa ya kawaida. Akapima malaria, hakuna. Wingi wa damu ulikuwa chini kidogo, nitalirudia hilo. Kisha akaniuliza maswali ambayo sikuwa nimewahi kuulizwa: nakunywa chai vikombe vingapi, vikubwa kiasi gani, cha mwisho saa ngapi, na kuna dawa gani ninayomeza kila siku. Nikamwambia vidonge vya uzazi wa mpango, vile vya kila siku, na kwamba nilivianza miezi michache kabla ya haya yote. Akaweka kalamu chini.

"Dada, chai ni ile ile. Mwili wako ndio umechelewa kuitoa."

Alinieleza taratibu, na ninashukuru kwamba hakunifukuza na panadol. Tunapokuwa macho tukifanya kazi, ubongo unakusanya kemikali inayoitwa adenosini, na ndiyo inayotuletea usingizi jioni. Kafeini ya kwenye chai inakwenda kukaa pale ambapo adenosini ingekaa, kwa hiyo uchovu upo ila hausikiki. Kafeini hiyo inavunjwavunjwa na ini. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu yake inaondoka kwa takriban saa tano. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni vinapunguza kasi ya ini kwenye kazi hiyo, na muda ule unaweza kuwa mara mbili. Mjamzito wa miezi ya mwisho hukaa nayo zaidi hata ya hapo. Antibayotiki kama siprofloksasini nayo huichelewesha. Mvuta sigara ni kinyume, kwake inatoka haraka, ndiyo maana akiacha sigara chai yake ya siku zote inaweza kuanza kumkera. Mbali na hayo, wapo waliozaliwa na ini lenye kasi na waliozaliwa na ini la polepole. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kunywa birika moja, mmoja akakoroma na mwingine akahesabu mabati.

Nilipofika nyumbani nilipiga hesabu. Chai ya saa kumi alasiri, ile tunayokunywa wateja wakipungua, kwa mwili wangu wa sasa nusu ya kafeini yake bado imo saa nane usiku. Na mimi sikunywa kwa kikombe cha wageni. Nakunywa kwa Tumpeco, kikombe cha plastiki cha nusu lita. Kikombe cha kawaida cha chai ya majani kina kama miligramu 40 hadi 50 za kafeini, kwa hiyo Tumpeco moja ni karibu miligramu 90 au 100. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kupata hadi miligramu 400 kwa siku bila wasiwasi, mjamzito asizidishe 200, na kwamba miligramu 100 karibu na saa za kulala zinaweza kumharibia mtu usingizi. Mimi kwa siku sikuwa nafika 400. Kikomo kile kimewekwa kwa watu kwa ujumla wao, na mwili wa mtu una hesabu yake. Kwa hiyo ukiambiwa "hata hunywi nyingi" usikubali mazungumzo yaishie hapo.

Jambo la pili nililifahamu kutoka kwa shemeji yangu aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha chai upande wa Kyenjojo, magharibi mwa Uganda. Nilimpigia simu, akafurahi kuulizwa. Chai yetu ya Uganda, karibu yote ya dukani, inasagwa kwa mashine za rola zinazoponda jani, kulichana na kulisokota kuwa punje. Ikishakauka inapitishwa kwenye chekecheke: punje kubwa huku, ndogo kule, mwisho kabisa vumbi. Punje ikiwa ndogo inatoa rangi na kafeini upesi. Nyingi ya chai yetu inapelekwa kwenye mnada wa Mombasa, lakini ile ya vumbi unaikuta sana madukani kwa sababu kijiko kidogo kinatia rangi sufuria nzima. Na sisi hatuimwagii tu maji moto tukaitoa. Tunaichemsha, tunatia maziwa, tunaichemsha tena, inakaa jikoni na majani yake ndani hadi mtu wa mwisho anywe. Anayekunywa mwisho anakunywa iliyo kali kuliko wote, na fundi ndiye hunywa mwisho.

Maziwa hayaondoi kafeini. Yanafunika ule ukakasi tu, ulimi unadhani chai ni nyepesi.

Sista alinionya nisikate ghafla, na hilo Mwislamu yeyote anayependa chai analijua kwa kichwa chake mwenyewe. Hapa kwetu karibu na ikweta saumu ni saa kumi na tatu na ushee, mwaka wowote, mwezi wowote. Maumivu ya kichwa ya kukosa kafeini yanaanza kati ya saa 12 na 24 tangu kikombe cha mwisho, yanakuwa makali zaidi siku mbili za mwanzo, na kwa watu wengi yanaisha ndani ya siku tisa. Ndiyo yale maumivu ya alasiri katika kumi la kwanza la Ramadhani ambayo tunasema ni njaa au jua. Nikaamua kushuka kidogo kidogo mwezi wa Shaaban, ili Ramadhani inikute tayari.

Sikuanza na vikombe, nilianza na majani. Kikombe kina mazoea yake: kinashikwa saa ile, na watu wale, na chapati ile. Majani hayana mazoea na mtu. Tulikuwa tunatia kwa kumwaga kutoka kwenye pakiti, nikaleta kijiko, na nikabadilisha kutoka vumbi kwenda punje kubwa. Kila wiki kijiko kikawa hakijai kama wiki iliyopita. Majani nikayachuja mara chai inapoiva, yasibaki kwenye chupa. Tangawizi nikaiongeza, kwa sababu ule moto wa kooni ambao wengi wanauita "chai nzito" unatoka kwenye tangawizi, na yenyewe haina kafeini. Nyumbani hakuna aliyelalamika. Mume wangu alisema chai imekuwa nzuri.

Baada ya majani ndipo nikagusa saa. Kikombe changu cha mwisho cha majani ni kabla ya adhuhuri, Tumpeco haijazwi tena hadi juu, na baada ya kuswali Dhuhuri nakunywa vingine. Karkade, chai ya maua mekundu ya rosela, tunayo tangu kwa mababu, lakini ni chachu na kwangu iliamsha kiungulia, nikaiachia wenye matumbo imara. Mujaaja wa Waganda, aina ya mrehani, una harufu tamu, nakunywa mara moja moja. Kilichonikaa ni mchaichai. Nimeupanda nyuma ya choo cha nje maji yanakopita, nakata majani machache, nayafunga fundo, nachemsha na tangawizi na iliki. Una rangi ya dhahabu, unakubali sukari, unakubali maziwa kidogo, na hauna kafeini hata chembe.

Dada yangu wa Kampala aliniletea chai ya kijani, akaapa ni dawa. Ni nzuri, lakini inatoka kwenye mmea ule ule wa chai na kafeini imo. Naihesabu kama chai ya asubuhi.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kwa watu. Kwetu hukatai chai. Ukiingia matangani kabla hujakaa umeshapewa kikombe, na ukikirudisha unaonekana una neno na wenye msiba. Mama mkwe wangu ndiye niliyemwogopa. Siku moja jioni kabla ya Magharibi alinimiminia, nikaishika bila kunywa, akaona.

"Mwanangu, chai yangu imekukosea nini?"

"Haijakosea, Mama. Nikinywa majani saa hizi silali, na nisipolala mikono inatetemeka kazini. Ukinipa ya tangawizi tupu nitakunywa birika zima."

Akaninyanyulia mikono yangu akaiangalia. Hakuuliza tena. Nilipokwenda mara iliyofuata tangawizi ilikuwa imeshapondwa. Tangu hapo sitoi sababu za uongo. Nataja usingizi na mikono, na nataja ninachoweza kunywa, kwa sababu mwenye nyumba anachotaka ni kukupa kitu mkononi. Ukisema "siwezi" umemwacha mikono mitupu. Matangani nachukua kikombe, nakunywa mafunda mawili, nakishika.

Kuhusu ile damu iliyokuwa chini: chai ina ukakasi unaoshikana na madini ya chuma ya kwenye maharage na mboga kama dodo (mchicha), yakapita tumboni bila kuingia mwilini. Sisi tunashushia chakula kwa chai. Sista alinishauri nipishe chai na mlo kwa saa moja hivi, na kwenye mboga nikamulie limau au nile chungwa, kwa kuwa vitamini C inasaidia chuma kuingia. Vidonge vya kuongeza damu kamwe visimezwe na chai, na hili nawaomba akina mama wajawazito walishike, maana kliniki tunapewa vidonge vile kisha tunafika nyumbani tunavimeza na kilichopo mezani, na kilichopo mezani ni chai.

Ramadhani ilipofika kichwa hakikuuma. Futari nilifungulia tende na uji, chai ya majani nikaihamishia daku, kikombe kimoja chepesi, na baada ya Tarawehe ni mchaichai tu. Nilikuwa nalala zile saa chache zilizopo na kuamka na akili yangu. Tatizo lilibaki oda za Idi, kwa sababu wateja wote wanakumbuka nguo wiki ya mwisho na zamani tulikesha kwa nguvu ya chai. Mwaka huo tulifunga mashine mapema na kufungua mara baada ya Alfajiri, mikono ikiwa mipya, na kanzu na magauni yote yakatoka kabla ya mwezi kuandama. Mteja mmoja mzee, mwanajeshi mstaafu, alipitisha kidole kwenye mshono wa kola ya kanzu yake akasema, "Fundi, umenyoosha." Nilifurahi siku nzima.

Vidonge vyangu naendelea navyo. Wapo walioniambia nivitupe nibaki na chai kama zamani, nao nawajibu kwamba vinanifaa, na kwamba dawa haiachwi kwa maneno ya jirani, inaachwa au kubadilishwa ukiwa umekaa na mhudumu wa afya. Na ukienda kumwona kwa sababu ya moyo kwenda mbio, mtajie kila unachomeza na kila unachokunywa, na saa zake. Kama unapata maumivu ya kifua, unazimia, au moyo unaruka mapigo hata siku ambazo hujanywa chai, usikae nyumbani kujaribu haya ya kwangu. Nenda upimwe moyo wenyewe.

Kibandani sasa kuna chupa mbili. Ya majani ina uzi mwekundu kwenye mkono wake, ya mchaichai ina uzi mweupe. Binti anayejifunza kwangu huchemsha zote mbili asubuhi, na ikipita adhuhuri ile ya uzi mwekundu anaiosha na kuifunika.