Simu ya Fundi

Mume wa shangazi yangu alizikwa Aprili 2020, wakati wa korona, waombolezaji wasizidi 15. Kwetu Vihiga, magharibi mwa Kenya, wapishi wa matanga peke yao huipita idadi hiyo. Nairobi ilikuwa imefungwa tangu tarehe 6, na watoto wake wawili walikwama huko. Mimi nilitoka Kisumu kwa matatu ya watu 14 iliyobeba 8, nauli juu, nikashuka Chavakali.

Watu walitawanyika mapema kuiwahi kafyu ya saa moja jioni. Mkesha haukuwepo. Kilichobaki kikipiga kelele nyumbani ni simu ya marehemu, mulika mwizi, kile kisimu cha tochi, iliyofungwa raba. Alikuwa seremala, namba yake imepakwa rangi kwenye mlango wa karakana, na wateja wengi hawakuwa na habari. Shangazi anapokea, anasema amefariki, mtu wa upande wa pili anaangua kilio, halafu mfiwa ndiye anayembembeleza! Asubuhi ile hata chai yake ilipoa hajainywa.

"Senje, nipe hiyo simu," nilimwambia shangazi.

Basi nikawa karani wa msiba. Nilijizoeza kutaja jina langu, kisha habari yenyewe, bila kuzungukazunguka. Maneno ya rambirambi hunipiga chenga. Sijawahi kumwambia mjane kwamba kazi ya Mungu haina makosa nikajisikia vizuri. Kuandika naweza. Kila aliyepiga nilimtia kwenye daftari, jioni nikamsomea shangazi.

"Huyo naye amelia?" aliguna siku moja. "Ana viti vyetu tangu Krismasi."

Kwa desturi, siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi, ukoo huketi, wanaodai na wanaodaiwa wakajitokeza mbele ya watu. Mwaka ule kikao hicho kilifanyika daftarini: muuza mbao anadai, mwalimu fulani amelipia kitanda nusu, jirani anarudisha randa.

Kisha siku moja nilitoka kuchota maji, nikaisahau simu mezani. Niliporudi nikamsikia shangazi ndani.

"Ndiyo, mwalimu, tumeshamzika. Asante. Sasa nisikilize, kitanda chako kimebaki vanishi tu, yule kijana wa karakana atapaka kesho. Uje na elfu tatu zako. Mbili na nusu ya nani? Tatu."