Jinsi nilivyotatua: Ubuntu kugoma kuwaka baada ya kusasishwa

Masasisho yaliisha, kompyuta ikawashwa upya, ikakwama kwenye skrini nyeusi: `Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`. Wengi hapo hukimbilia kufomati. Tafadhali usifomati, mafaili yako hayajaguswa.

Kerneli mpya (kiini cha mfumo wa Ubuntu) imewaka bila faili lake la initrd, lile linalobeba draiva za kuifikisha kwenye diski. Halikuandikwa kwa sababu `/boot`, sehemu ya diski inayohifadhi kerneli na initrd, ilikuwa imejaa kerneli za zamani. Initrd moja inaweza kuvuka MB 100, kwa hiyo `/boot` ya MB 512 haichukui muda kujaa.

Niliwasha upya huku nikigonga Esc (mashine za BIOS ya zamani, shikilia Shift), nikaingia "Advanced options for Ubuntu", nikachagua kerneli iliyotangulia. Ikawaka. Kwenye terminal, `df -h /boot`, amri ya kuangalia nafasi iliyotumika, ikaonyesha 100%.

`uname -r` hutaja kerneli unayotumia sasa. Hiyo usiiguse kabisa! `dpkg -l 'linux-image*'` huonyesha zote. `sudo apt autoremove --purge` iligoma kwa kukosa nafasi, basi nikang'oa ile kongwe kuliko zote kwa `sudo dpkg --purge`, nikitaja vifurushi vyake viwili, linux-image na linux-modules-extra, kwa pamoja, maana dpkg hukataa kutoa ya kwanza na kuiacha ya pili.

Kisha `sudo dpkg --configure -a` kumalizia masasisho yaliyokwama, halafu `sudo update-initramfs -c -k` ikifuatiwa na namba ya kerneli mpya ili kuunda initrd yake, mwisho `sudo update-grub` kusasisha menyu ya kuwashia. Hakikisha `ls -lh /boot` inaonyesha initrd yenye namba hiyo kabla ya kuwasha upya.